Namna ya kwenda Kirumba siku ya mechi kubwa na kurudi na viatu vyote viwili

Chini ya meza yangu kuna gunia la viatu. Kandambili, raba, sendozi za kike, na kiatu kimoja cha ngozi cha mtu mzima ambacho hadi leo najiuliza mwenye nacho alifikaje kwake. Vyote ni kimoja kimoja. Navikusanya asubuhi ya siku inayofuata mechi kubwa, nikifagia mahali pangu nje ya uwanja wa CCM Kirumba hapa Mwanza, ninapopika ugali kwa sato, wali maharage, na chai kwa wanaowahi.

Mimi ni mama lishe, si mchambuzi. Mpira nausikia zaidi kuliko ninavyouona. Lakini ukipika miaka mingi mgongoni mwa jukwaa, unajifunza kusoma kelele. Kelele ya goli hupanda mara moja, halafu hushuka taratibu watu wakicheka. Kelele ya goli lililokataliwa hupanda, hukatika ghafla, kisha hurudi nzito. Nikiisikia hiyo ya pili naepua sufuria.

Naandika kwa sababu mtoto wa kaka yangu, anayekaa Nansio kule Ukerewe, alinipigia: "Shangazi, nataka nimlete mtoto aione Yanga ikicheza na Pamba." Mtoto mwenyewe ana miaka tisa. Nikamwambia mlete, ila kwanza nisikilize. Maneno yalikuwa mengi mpaka salio lake likaisha, basi mengine ni haya, na wewe usiye mpwa wangu yatakufaa vilevile.

Kabla ya siku yenyewe

Kwanza elewa hali. Msimu wa 2024/25 Pamba, timu yetu ya Mwanza, walirudi Ligi Kuu baada ya miaka 23. Kwa sisi tuliokuwa watoto Pamba alipochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1990, hiyo ilikuwa kama kumwona marehemu anabisha hodi. Watu wakafurika. Tatizo ni kwamba Mwanza shabiki wa Pamba mara nyingi ana timu nyingine ya Kariakoo mfukoni, na Simba au Yanga wakija, huwezi kujua jirani yako jukwaani yuko upande gani mpaka goli lifungwe. Fujo nyingi za Kirumba huanzia hapo: watu wawili waliokuja kwenye Hiace moja kutoka Igoma, mmoja anashangilia, mwenzake anamwona msaliti.

Na msimu huohuo Dar es Salaam hakukuwa shwari. Tarehe 15 Desemba 2024 viti vya Uwanja wa Mkapa viling'olewa Simba walipocheza na CS Sfaxien ya Tunisia. Haikuwa mechi ya ligi, lakini adhabu ya CAF, shirikisho la mpira la Afrika, ilimgusa kila mtu: mchezo uliofuata wa nyumbani, dhidi ya CS Constantine, Simba walicheza bila mashabiki. Kisha dabi ya Simba na Yanga ya tarehe 8 Machi 2025 ikaahirishwa siku ileile ya mchezo, baada ya Simba kusema wamezuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi. Watu wa Mwanza na Shinyanga walikuwa wameshapanda mabasi. Nauli ya kwenda imeliwa, ya kurudi imeliwa, mpira hakuna. Ikachezwa Juni. Kwa hiyo ukitoka mbali, usifunge safari kwa hela ya mwisho. Mechi zetu huahirishwa.

Tiketi nunua mapema. Kama zinauzwa kwa N-Card, weka hela kwenye kadi siku mbili kabla na uhakikishe imeingia, maana siku ya mechi mtandao nao hupanda jukwaani ukakaa. Mlanguzi anayekuita pembeni ya geti, "Mama mdogo, mzunguko hii hapa," mwache apite. Tiketi yake ikikataa, utakuwa umeshaingia katikati ya watu elfu na huwezi kurudi nyuma. Hasara ya pesa ni ndogo. Hasara kubwa ni pale uliposimama.

Nguo: jezi ivae ndani, juu weka shati la kawaida, ulivue ukishakaa na wenzako. Wanaume hawapendi kusikia hili, wanaona ni woga. Sawa. Viatu vya kufunga kwa kamba, fundo mara mbili. Kandambili acha nyumbani, gunia langu limejaa. Wanawake, kanga ya kufunga kiunoni ni ya kwetu na naipenda, lakini getini hukanyagwa ikakuvuta chini. Vaa suruali au sketi fupi kidogo, kanga iweke mkobani, itakufaa baadaye kwa jambo nitakalolitaja.

Mtoto mwandikie namba ya simu mkononi kwa kalamu ya wino, sehemu ya juu ya kiwiko ambapo jasho halifuti haraka. Usimwandikie kwenye karatasi, mtoto karatasi huipoteza. Mkubaliane mahali pa kukutana nje ya uwanja, pawe na kitu kisichohama. "Kwa shangazi" si mahali, mimi nahama. Nilimwambia mpwa wangu: Rock City Mall, mlango mkubwa, mlinzi yupo na taa zipo.

Na wa visiwani, lala mjini. Usipange kuwahi meli wala kivuko cha Kisorya usiku uleule. Mtu anayewahi chombo ndiye anayesukuma wenzake getini.

Getini, ambapo ndipo penyewe

Watu wakisema fujo za mpira, wanafikiria ngumi na chupa. Mimi niliyeko nje nakwambia ngumi zinaumiza wachache. Geti ndilo linaloua. Tarehe 28 Mei 2023, fainali ya Yanga na USM Alger pale Mkapa, mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa, na hawakuwa wanapigana na mtu. Walikuwa wanaingia. Cameroon, tarehe 24 Januari 2022, watu wanane walikufa kwenye mlango wa uwanja wa Olembe jijini Yaoundé, nao walikuwa wanaingia.

Sisi wa Mwanza hatuna haja ya kufundishwa kuhusu kujaza kupita kiasi. Nenda makaburi ya Igoma uone waliozikwa baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996. Kila aliyepanda siku ile aliona chombo kimejaa, na kila mmoja alijiambia mimi ni mmoja tu, nitaongeza uzito gani. Getini ni hivyohivyo. Wa nyuma anasukuma kidogo tu, haoni wa mbele. Wa mbele amebanwa kwenye chuma, kifua hakipandi. Mtu hukosa hewa akiwa amesimama wima, wala hajakanyagwa.

Yaliyonikuta mimi ni haya. Mechi moja, miaka kadhaa iliyopita, geti la upande wangu lilifungwa nusu saa kabla ya mpira kuanza huku watu wenye tiketi wamejaa nje. Hakuna aliyekuja kuwaeleza kitu. Ndani wakaimba, nje wakadhani mpira umeanza, wakasukuma. Mara wimbi likarudi nyuma, likaja juu ya jiko langu. Sufuria ya maharage ikamwagika mguuni kwangu, kovu lipo hadi leo. Lakini siku ile sikusikia moto, maana mwanangu wa mwisho, miaka saba, alikuwa ameketi juu ya ndoo pembeni yangu na sasa ndoo ipo, mtoto hayupo.

Nilimtafuta dakika arobaini. Nilimpata kwenye kibaraza cha duka, mbali kabisa na geti, anakula yai. Muuza mayai alikuwa amemchukua. Nikamuuliza ulijuaje? Akaniambia: "Mama, mimi nina trei mbili kichwani, mayai sitini. Sitembei haraka. Nikisubiri kukimbia nimeshafilisika. Lazima niondoke kabla."

Tangu siku ile sitazami polisi wala mabaunsa. Natazama wenye bidhaa inayovunjika. Ukiwa kwenye foleni ukaona muuza mayai anafunga, muuza kahawa anamwaga mkaa, mwenye miwani za jua anakunja ubao wake, na hakuna aliyewafukuza, toka. Usiulize kuna nini. Hao wamesimama pale kila wiki, mtaji wao wote uko mkononi, na hawana sababu ya kuacha biashara watu wakiwa wamejaa isipokuwa moja.

Kama umeshaingia ndani ya msongamano, fanya hivi. Mikono ilete mbele ya kifua, ngumi zikiwa juu kama bondia, viwiko nje kidogo, ili mbavu zako zipate nafasi ya kuvuta pumzi. Usipige kelele ovyo, pumzi ni mali. Kitu kikianguka, simu hata iwe mpya, kisahau. Aliyeinama ndiye anayebaki chini. Wimbi likija usishindane nalo, nenda nalo, na likilegea chepuka hatua mbili tatu kwa mshazari kuelekea pembeni. Wimbi lingine likija nenda nalo tena, likilegea chepuka. Kaa mbali na ukuta na chuma za geti, maana watu wana ulaini, chuma haina. Ukianguka na huwezi kuinuka, lala ubavu, jikunje, funika kichwa kwa mikono. Usilale kifudifudi wala chali.

Mtoto hana kazi katika msongamano. Mpwa wangu nilimwambia fika saa 7 mchana kwa mechi ya saa 10, kula kwangu, ingia geti likiwa bado jeupe. Ukichelewa ukakuta pamejaa, rudi ukamwonyeshe kwenye televisheni. Atalia. Mwache alie.

Ya milango mingine

Hapa niseme kidogo, maana wenye timu hawapendi. Kuna milango ya watu na kuna milango ya "wataalamu", yaani waganga wa timu. Kila msimu Bodi ya Ligi hutoza timu faini kwa kuingia uwanjani kwa mlango usio rasmi, au kwa kugoma kutumia chumba cha kubadilishia nguo, na sote tunajua wanachokimbia humo. Usiku wa kuamkia mechi kubwa kuna vijana wanaolala nje ya uwanja kulinda nani ameingia na nini. Hao huitwa makomandoo. Wanakunywa chai yangu na wananilipa, sina ugomvi nao. Lakini wewe kijana wa miaka ishirini ukiambiwa "njoo ulinde geti na sisi," kataa. Wenye timu wakigombana na polisi, wao wataenda kwenye kamati na mawakili. Wewe utapanda karandinga.

Na basi la wageni linapoingia, usisimame njiani kulitazama. Utaliona vizuri kwenye simu ya mtu mwingine.

Jukwaani

Ukishaingia, kabla ya kutafuta wapi utaona vizuri, tafuta wapi utatokea. Hesabu ngazi kutoka ulipokaa mpaka mlangoni. Kwenye mzunguko usikae chini kabisa karibu na uzio, chupa zote za juu huangukia huko, na si zote zina maji. Usikae kwenye mpaka wa rangi mbili. Kaa katikati kwa urefu, karibu na njia, pembeni ya wazee. Mzee wa miaka sitini na redio yake sikioni ndiye jirani bora.

Ukimwona mtu wa karibu nawe ameinua chupa, hama. Usimshike mkono, usimhubirie. Hama kabisa, safu tano. Askari akija hatauliza nani alirusha, atachukua waliokuwa pale. Nakumbuka Oktoba 2016, Simba na Yanga walitoka 1-1 pale Dar, goli la Tambwe likaleta kelele kwamba aliushika mpira, viti vikang'olewa, na serikali ikazifungia timu zote mbili kuutumia uwanja ule. Zote mbili, si aliyeng'oa tu.

Moshi ukija

Mabomu ya machozi uwanjani ni jambo baya kuliko lolote nililolitaja ukiacha geti, na mara nyingi huzaa geti, kwa sababu watu wote hukimbilia mlango mmoja. Indonesia, tarehe 1 Oktoba 2022, uwanja wa Kanjuruhan, polisi walipiga mabomu jukwaani baada ya mchezo na watu 135 wakafa, wengi wao wakibanana milangoni. Kwa hiyo moshi ukipigwa na haujafika ulipo, usikimbie. Angalia kwanza watu wanaelekea wapi, halafu angalia upepo.

Upepo wa Kirumba mimi naujua kwa sababu ndio unaohangaisha jiko langu. Mchana kukiwa na jua upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, kutoka upande wa Mwaloni. Usiku mara nyingi hugeuka. Mechi zetu za jioni, basi, ukitaka hewa safi elekea kule unakotoka upepo. Kama pua yako bado inafanya kazi, fuata harufu ya dagaa. Soko la dagaa la Mwaloni liko huko, na harufu hiyo ambayo wageni wanaibania pua siku hiyo ni rafiki yako.

Moshi ni mzito, hukaa chini. Usilale chini na mtoto usimwachie atembee, mbebe juu. Ile kanga niliyosema ichukue, ikunje mara nne, funika pua na mdomo. Macho usiyafikiche hata kidogo. Maji safi mengi, mimina kutoka ndani ya jicho kwenda nje, ukiwa umeinamisha kichwa upande. Kuna vijana wanapaka dawa ya meno chini ya macho. Nimewaosha wengi wao, na wanaopaka hulia mara mbili. Ndoo yangu ya maji ya kuoshea sahani siku hizo huwa ya macho, bure, ila usiondoke na kata.

Kutoka

Una njia mbili tu: toka dakika ya 80, au baki umekaa nusu saa baada ya filimbi. Katikati ya hapo ni balaa. Mpwa wangu alisema, "Shangazi, na goli likifungwa dakika ya 90?" Litafungwa bila wewe.

Na usidhani aliyefungwa ndiye wa kuogopwa. Aliyefungwa huenda zake nyumbani kimya, anawaza kesho kazini atachekwaje. Aliyeshinda ndiye anayepanda bodaboda watu wanne, anaziba barabara ya Makongoro kuanzia Furahisha, honi na matairi. Majeruhi wengi ninaowaona usiku ni wa pikipiki. Usipande bodaboda nje ya uwanja. Tembea dakika kumi na tano, ndipo utafute usafiri, na bei pia itakuwa imerudi kuwa ya binadamu.

Ukiumizwa na mtu au kwa ghasia, pitia kituo cha polisi ukachukue fomu ya PF3, ndiyo hospitali watakayoiulizia. Kama hali ni mbaya nenda hospitali kwanza, ndugu afuatilie fomu. Sekou Toure ndiyo ya karibu, Bugando iko kule mlimani. Ukimpoteza mtoto, usizunguke uwanja ukiita kama nilivyofanya mimi. Mmoja abaki pale mlipokubaliana, mwingine aende kwa askari, na waulizeni wachuuzi. Wachuuzi ndio wanaoona watoto.

Mpwa wangu alikuja. Walifika saa 7 na robo, mtoto akala sato mzima na kuniachia miiba tu. Dakika ya 80 wakatoka kama nilivyoagiza, baba mtu amenuna, mtoto kambeba mabegani. Walipofika mezani kwangu nikatazama chini. Mtoto ana raba zote mbili, fundo mara mbili. Baba ana moja.

Nikavuta gunia. Tulitafuta kwa tochi ya simu mpaka mwanangu akachoka kutushikia. Ya kulia namba 42 zilikuwapo tatu. Yeye alikuwa amepoteza ya kushoto.